Usiku wa Maji Yanayowaka Kilifi: Vaa Nini, Beba Nini

Mara ya kwanza nilipoingia usiku kwenye kayaki, ule mtumbwi mdogo wa kupiga kafi, nilivaa dera la pamba, na juu yake sweta nzito, kwa sababu ilikuwa Julai na kusi ilikuwa ikivuma. Nikaona nimejiandaa vya kutosha. Tulipofika katikati ya maji sweta ilikuwa imelowa mpaka viwikoni, dera limeninasa miguuni kama wavu, na meno yanagongana kwa baridi. Binti ya dada yangu, aliyekaa kiti cha mbele, alikuwa akichovya mkono na kupiga kelele za furaha kila maji yalipowaka. Mimi nilikuwa nasubiri kurudi pwani tu. Ilinisikitisha sana, maana uzuri ule niliupita ukiwa mbele ya macho yangu. Nimeshakwenda tena mara nne, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwa wasiopajua: hori la Kilifi, pwani ya Kenya, ni mkono wa bahari unaoingia bara, ukipita chini ya lile daraja lililofunguliwa mwaka 1991 na kuchukua nafasi ya feri. Kuta za mawe ziko huku na huku karibu na mdomo, na ukienda ndani unakutana na mikoko. Usiku wa giza maji yake yana viumbe vidogo vya seli moja ambavyo vikitikiswa hutoa mwanga wa kibuluu. Piga kafi, unaona cheche. Samaki akikimbia chini yako, anaacha mstari wa mwanga.

Kwa hiyo kabla ya nguo, chagua usiku. Usiende mwezi ukiwa mpevu. Tazama kalenda ya Kiislamu: kuanzia kama tarehe 20 mwezi huchelewa kuchomoza, na mpaka tarehe 2 au 3 ya mwezi mwandamo bado unazama mapema, kwa hiyo saa mbili usiku kuna giza la kutosha. Lakini kuna jambo la kujua hapo. Siku za mwezi mwandamo ndizo pia siku za bamvua, yaani maji kujaa na kutoka kwa wingi kuliko siku nyingine, na katika pwani yetu bamvua hujaa karibu na saa kumi jioni. Maana yake usiku ukiingia maji yanatoka kwa nguvu kuelekea baharini. Mwongozaji mzuri atakupandisha kwanza juu, kuelekea ndani, mkiwa bado na nguvu, halafu mrudi na maji. Muulize kabla ya kulipa: "Leo maji yanajaa saa ngapi, na tunaanzia upande gani?" Akishindwa kujibu, mimi siingii.

Sasa nguo. Jua kwanza kwamba utalowa. Kayaki nyingi za watalii ni zile za kukalia juu, na zina matundu sakafuni ya kutolea maji. Maji yanayotoka ndiyo hayohayo yanayoingia, nawe umeyakalia. Kila ukiinua kafi, matone yanateremka mkononi mpaka kwapani. Kwa hiyo usivae kwa kutazama joto la pwani. Vaa kama mtu atakayekaa saa mbili akiwa amelowa, upepo unampiga.

Pamba ndiyo adui. Hunywa maji, huwa nzito, na haikauki. Jinzi ni mbaya zaidi. Kitu bora nilichokipata kilikuwa tayari kabatini: jezi ya mpira ya mikono mirefu, ya mwanangu. Kitambaa kile hakishiki maji. Ukikikamua kinakaribia kukauka. Chini vaa suruali ya mazoezi inayobana kiasi. Juu yake mimi huvaa kanzu fupi ya kitambaa cha kuogelea, inayofika magotini, iliyopasuliwa pembeni ili miguu ipate nafasi. Na wakati wa kusi beba jaketi jepesi la mvua. Halina uzito wowote, lakini ndilo linalozuia upepo, na upepo ndio unaoleta baridi.

Dada zangu mnaojistiri, hakuna haja ya kuacha kwenda. Vaa ushungi wa kitambaa kinachovutika, ule wa kuingiza kichwani, bila pini hata moja. Ncha zake ziingize ndani ya jezi kabla ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha, zisije zikanasa kwenye vifungo. Buibui liache kwenye gari. Na leso usiifunge kiunoni. Mwongozaji wetu, kijana mwenye adabu sana, aliniambia hivi: "Mama, leso hii tuiweke kwenye mfuko. Kayaki ikipinduka, leso itakufunga miguu." Nilikuwa nimeshaifunga vizuri, nikaifungua palepale.

Lile jaketi la kuokolea maisha ndilo vazi muhimu kuliko yote. Mimi siogelei vizuri, kwa hiyo nalikagua kama ninavyokagua mkanda wa gari. Funga vifungo vyote, kaza kamba za ubavuni, kisha mwambie mtu alivute juu mabegani. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa, omba lingine. Safari moja nilipewa lenye kifungo kilichovunjika, limefungwa kwa kipande cha kamba. Nililirudisha. Yule aliyenipa alinuna, lakini alikwenda akaleta zima. Usione haya kudai. Tena hakikisha lina filimbi, maana usiku sauti ya filimbi hufika mbali kuliko sauti yako.

Miguuni vaa raba kuukuu au viatu vya maji vinavyofungwa nyuma ya kisigino. Malapa yataelea yaende zake. Peku usiende kabisa: mawe na mizizi ya mikoko imejaa chaza, na ganda la chaza hukata kama wembe. Nilishuhudia mtu akishonwa nyuzi za unyayo kwa hatua mbili tu za kushuka kwenye kayaki.

Taa inahitaji busara. Kila mmoja awe na tochi ya kichwani, lakini aizime. Macho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga mmoja mkali unawarudisha nyote mwanzo. Kama tochi yako ina taa nyekundu, tumia hiyo. Hata hivyo tochi nyeupe lazima iwe karibu, kwa sababu hapo hupita mashua za wavuvi na boti. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia kugongana baharini zinataka hata chombo kidogo cha makasia kiwe na tochi ya mwanga mweupe ya kuonyesha mapema. Mimi hufunga yangu kwenye jaketi, upande wa kifuani.

Dawa ya mbu jipake nusu saa kabla, ukiwa nchi kavu, kisha nawa viganja ili kafi isiteleze. Karibu na mikoko usubi huuma zaidi ya mbu, hasa jua linapozama. Miwani ifunge kwa uzi nyuma ya kichwa.

Vya kubeba ni vichache: maji ya kunywa lita moja, tende kidogo, na dawa yako ikiwa una pumu au kisukari, na mwongozaji ajue unayo na umeiweka wapi. Tia vyote katika mfuko usiopitisha maji, kunja mdomo wake mara tatu kabla ya kufunga, na ufunge kwenye kayaki. Funguo ya gari ya rimoti ikiingia maji ya chumvi imekufa, mwachie mtu pwani. Simu? Kwa maoni yangu iache. Mwanga ule haushikiki vizuri kwa kamera ya simu, na utatumia saa nzima kutazama kioo badala ya maji.

Kuhusu swala, uliza saa ya kuondoka. Safari za kutazama jua likizama huwa majini Magharibi ikiingia. Za kutazama maji yanayowaka huanza giza likishatanda, kwa hiyo unaswali kwanza. Kwetu baada ya jua kuzama giza hutanda kwa dakika 20 hivi, hutasubiri sana.

Ndani ya gari acha nguo kavu, galoni ya maji ya bomba, leso mbili na chupa ya chai ya tangawizi. Leso moja ya kujifutia, nyingine ya kujistiri ukibadilisha nguo. Maji ya bomba ni ya kujisuuza wewe na kusuuza zipu ya jaketi, maana chumvi ikikaukia pale, asubuhi haifunguki. Binti ya dada yangu safari ya mwisho alikataa kujisuuza mikono. Alitaka kuona kama bado ingewaka nyumbani, na njia nzima mpaka Mtwapa aliikunja mapajani gizani, akiitazama.