Anti wa Muvi anajibu: Huyo Lupita mnayesema katokea ghafla

Haya wapenzi, wiki hii meseji karibu zote ni Lupita Nyong'o, yule mwigizaji wa Hollywood, sijui mmeambizana. Nimechagua chache, na nyingine nimezipunguza kidogo maana kuna watu mnaandika ndefu kama hati ya kiwanja.

Anti habari za kazi. Nina binti wa miaka 16, yuko form three. Juzi kanambia anaacha shule aende Dar kuigiza, eti Lupita naye alitokea tu siku moja, muvi ya kwanza Oscar hiyo hapo. Ni kweli? Mana nashindwa cha kumjibu. – Mama wa Nyamagana, Mwanza

Nzuri mama, pole na kazi ya kulea. Binti yako amesema nusu ya habari, na kwa bahati mbaya hiyo nusu ni ya kweli. 12 Years a Slave ndo muvi yake ya kwanza kubwa, ilitoka 2013, na tarehe 2 Machi 2014 akaibeba Oscar, ile tuzo kubwa ya muvi ya Marekani, ya mwigizaji msaidizi wa kike, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 31. Ukiishia hapo unaona kama mtu kaokota hela njiani.

Sasa hebu mkalishe binti umhesabie. Lupita amesimama jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14, akicheza Juliet kwenye tamthilia ya Romeo and Juliet na kikundi cha Phoenix Players. Kutoka hapo mpaka Oscar ni miaka 17, yaani mingi kuliko umri wa binti yako. Alipofika hiyo 16 ambayo binti yako anayo leo, wazazi wake wakampeleka Meksiko, mji unaitwa Taxco, akakaa miezi saba anajifunza Kihispania. Hakuacha shule, alirudi Nairobi akamaliza St. Mary's 2001, kisha akaenda Marekani chuo cha Hampshire, Massachusetts, kusomea filamu na tamthilia. Na akiwa chuoni wala hakuwa anajitangaza kuwa yeye mwigizaji, alikuwa anaona aibu kusema.

Sehemu ninayoipenda mimi ni hii. Ile muvi The Constant Gardener ilipokuja kupigwa Kenya (yenyewe ilitoka 2005) Lupita alipata kazi humo, ila sio ya kuigiza, alikuwa wa kutumwa. Lete hiki, peleka kile, mwite fulani, kimbia. Ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo hawezi kuelewa. Mi nimeifanya wiki mbili Bagamoyo, nikiwa na miaka 22, dairekta mmoja hivi ambaye jina namstahi alinambia nianze kwa kusaidia halafu atanipa sini. Basi asubuhi saa kumi na moja niko kisimani nachota ndoo za kumwagia mchanga vumbi lisiingie kwenye kamera, mchana nashika mwamvuli juu ya kichwa cha staa huku langu linaungua, jioni nahesabu sahani za wali, na sahani ikipungua ni yangu ndo imepungua. Siku ya mwisho nikapewa sini kweli, nibebe sinia nimwambie mgeni "karibu chai". Nikasema karibu chai yangu vizuri tu. Muvi ikatoka, mgeni anaonekana anakunywa chai, aliyemkaribisha haonekani. Na hela sijalipwa mpaka leo.

Ila ukiwa wa kutumwa unaona kila kitu, hiyo hakuna anayeweza kukunyang'anya. Lupita humo alikutana na Ralph Fiennes, yule Mwingereza staa wa muvi, akamuuliza we unataka kufanya nini maishani, binti kwa sauti ya chini akasema anataka kuigiza. Fiennes hakumpamba, alimwambia kama kuna kitu kingine unachoweza kufanya kifanye hicho, igiza tu kama bila kuigiza huwezi kuishi. Kwa mtoto wa miaka ishirini na kitu maneno hayo yanakatisha tamaa bana, na mwenyewe anasema hayakuwa aliyotaka kuyasikia, lakini ndo aliyokuwa anayahitaji.

Baada ya hapo bado hakukimbilia Hollywood. Akatengeneza filamu yake ya maisha halisi, In My Genes, kuhusu watu wenye ualbino Kenya, ameiandika, ameidairekti, ameiprodyuzi mwenyewe. Halafu 2009 ikaja Shuga, tamthilia ya TV ya MTV, ile ya vijana wa Nairobi na mambo ya ukimwi, humo ni Ayira, mrembo wa chuo mwenye boifrendi wa rika lake na mzee wa hela pembeni. Watu wengi wa Nairobi walimjua kwa Ayira zamani sana, ndo maana hiyo Oscar wao hawakuuliza "huyu nani", walisema "si yule wa Shuga!" Kisha akaenda chuo cha Yale, Marekani, kusomea uigizaji wenyewe, akamaliza 2012, na alipokuwa anakaribia kumaliza ndo akaitwa kwenye odisheni ya Steve McQueen, dairekta wa 12 Years a Slave. McQueen mwenyewe amesema aliangalia wasichana zaidi ya 1,000 kabla ya kumpata.

Kwa hiyo mama, usimkataze kuigiza, mwambie Lupita alianza na miaka 14 akiwa na sare ya shule. Shule ina klabu ya maigizo? Kama haina, aianzishe, tuone kama kweli anataka.

Anti, mimi na shemeji yangu tunabishana. Yeye anasema Lupita ni Mmeksiko, mi nasema Mkenya, Mjaluo. Nani atoe soda? – Mbishi wa Kisauni, Mombasa

Toeni wote wawili mninywee na mimi. Amezaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, baba yake Profesa Anyang' Nyong'o alikuwa anafundisha chuo huko, wakati ule akiwa mpinzani wa serikali nyumbani hali si nzuri. Familia ikarudi Kenya mtoto hata mwaka hajafikisha. Jina Lupita ni kifupi cha Guadalupe, la Bikira Maria wa Guadalupe wa kule Meksiko, na wazazi walimpa kwa desturi ya Wajaluo ya kumwita mtoto kwa jambo lililokuwepo siku aliyokuja. Yaani jina ni la Kimeksiko ila kuitwa hivyo ni Ujaluo mtupu. Mwenyewe akiulizwa anasema yeye ni vyote viwili.

Tuache kudanganyana, huyo ni mtoto wa waziri. Angekuwa mtoto wa muuza mitumba Gikomba tungemjua? – Msema Kweli, Nairobi

Hapa sitakupinga moja kwa moja. Baba ni profesa, amekuwa waziri wa huduma za matibabu, na mwaka wa ile Oscar alikuwa seneta wa Kisumu, baadaye gavana. Shule alizosoma Lupita si za kila mtoto, na mzazi wa kumpeleka binti Meksiko miezi saba kwa ajili ya lugha ni wa kuhesabu. Mlango ulikuwa wazi, tusijifanye.

Sasa nenda kaangalie tena ile sini ya sabuni kwenye 12 Years a Slave, Lupita akiwa Patsey. Patsey ni mtumwa Louisiana, anachuma pamba pauni 500 kwa siku kuwashinda wanaume wote, usiku bwana mwenye shamba anamwingilia, mchana mke wa bwana anamwonea wivu hata sabuni anamnyima. Siku moja anaenda shamba la jirani, anarudi, bwana anamuuliza ulikuwa wapi, na yeye anafungua kiganja, kipande kidogo cha sabuni. Anasema kwa sababu ananuka mpaka mwenyewe anataka kutapika. Angalia mkono. Hautetemeki kwa woga, umeuinua kama mtu anayeonyesha risiti. Kisha anafungwa kwenye nguzo. Hiyo nguvu ya kuinua mkono vile haitoki kwa seneta yeyote. Nimeiona mara tatu, na mara zote tatu nimetoka nje kidogo.

Mtoto wa muuza mitumba mwenye kipaji hicho yupo, na ninakubaliana na wewe kwamba hatumjui. Hilo ndo la kukasirikia, ila si kosa la Lupita.

Anti mi ni mweusi tii, wifi zangu wananiita "umeme umekatika". Nimeanza mkorogo mwezi wa pili sasa, ngozi inaniwasha. Eti na Lupita alipitia haya? – Naomba jina lifichwe, Tanga

Mdogo wangu, kwanza huo mkorogo acha leo, na ngozi ikiwasha nenda hospitali umweleze daktari ulichopaka, usione haya. Nyingi ya hizo za kuchanganyiwa sokoni zina zebaki au hydroquinone, kemikali ya kung'arisha ngozi, na zebaki haiishii kwenye ngozi, inashuka mpaka kwenye figo.

Ndiyo, aliyapitia. Februari 2014, siku chache kabla ya Oscar, alisimama kwenye hafla ya jarida la Essence akasoma barua ya binti mmoja aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, akaghairi baada ya kumuona yeye. Kisha akasimulia ya kwake, kwamba utotoni kila usiku alikuwa anamwomba Mungu aamke mweupe, asubuhi anakimbilia kioo kabla hajajitazama mikono, anakuta ni yuleyule. Akawa anafanya biashara na Mungu kabisa, nitaacha kuiba sukari, nitakuwa mtiifu kwa mama. Kilichomgeuza ni kumuona Alek Wek, mwanamitindo wa Sudan Kusini, mweusi kuliko yeye, na dunia nzima inamshangilia. Na mama yake alikuwa anamwambia uzuri hauliwi, haukushibishi. Anasema miaka mingi hakumuelewa mama.

2019 akaandika kitabu cha watoto, Sulwe, cha kabinti kaliko keusi kuliko wote nyumbani kwao. Sulwe kwa Kijaluo ni nyota. Ukikipata mnunulie mwanao, na wifi zako wakija wakikute mezani.

Mbona baada ya Oscar alipotea miaka kadhaa? – Kijana wa Muscat

Hakupotea, alijificha sura. Star Wars ya 2015 yumo, ni Maz Kanata, yule kizee mdogo wa rangi ya chungwa mwenye miwani, ni yeye ila kompyuta imemvika umbo lingine. Jungle Book ya 2016 ni sauti ya mama mbwa mwitu. Na katikati hapo akarudi jukwaani New York na tamthilia ya Eclipsed, ya wanawake wakati wa vita Liberia, waigizaji wote wanawake weusi, mwandishi Danai Gurira. Ndo huyohuyo Gurira, Okoye wa ile muvi ya Black Panther mwenye mkuki na kipara. Mtu ana Oscar mkononi anaenda kukaa kwenye tamthilia kila usiku, mi hapo nilimheshimu zaidi ya siku ya Oscar.

Anti ile muvi ya chess Uganda, kweli imepigwa Katwe au ni seti ya Marekani? – Mtu wa Masaka

Queen of Katwe, 2016. Kampala kabisa, na sehemu nyingine Johannesburg. Lupita ni Nakku Harriet, mama wa Phiona Mutesi, yule bingwa wa chess aliyekuwa akiuza mahindi. Aliyecheza Phiona, Madina Nalwanga, ni mtoto wa Kampala, hajawahi kuigiza muvi kabla. Dairekta ni Mira Nair, na hapa ndo napopenda, maana Lupita alishawahi kufanya kazi nyuma ya kamera kwenye muvi nyingine ya huyu mama, The Namesake, kabla hajajulikana na mtu. Miaka kumi baadaye anarudi kwake kama nyota wa mabango. Mi yule dairekta wangu wa Bagamoyo tukikutana leo itabidi anilipe kwanza.

Anti nina sendofu mwezi wa nane, nataka gauni kama lile alilovaa Lupita siku ya Oscar. Fundi anauliza ni bluu gani, mi namwambia bluu ya Lupita, ananiangalia tu. – Bi Harusi Mtarajiwa, Morogoro

Hongera mwaya! Lile ni la Prada, bluu ya maji mepesi kabisa, kitambaa chepesi kimekunjwa marinda madogomadogo kuanzia kiunoni mpaka chini, shingo imeshuka sana mbele, na kichwani alivaa kitepe tu. Yeye mwenyewe ile rangi aliiita bluu ya Nairobi. Mwambie fundi anga la saa mbili asubuhi likiwa halina wingu, si bluu ya sare ya shule. Na marinda ayapige pasi kabla ya kushona, akikwambia atayapiga baadaye badilisha fundi.