Vijana mnaofunga antena Mtwara, punguzeni busta

Minada ya korosho ikianza tu na fedha zikaingia kwa wakulima, kila mwenye paa anataka televisheni na kila mwenye ngazi anajiita fundi. Sina wivu. Kazi ipo ya kutosha, na magoti yangu yenyewe yameanza kukataa mapaa. Ila nimezunguka mjini nikaona nyumba ambazo ukikaa barazani unaona taa nyekundu za mnara, halafu juu pamefungwa yagi ndefu, ile antena ya bomba lenye vijiti vilivyopangwa kwa safu, yenye busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi, na nyuma ya televisheni kuna busta nyingine. Mwenye nyumba analalamika kwamba picha zinaganda. Zisigande kwa nini? Nikiwaambia barabarani mnacheka, basi nawaandikia.

1. Hakuna kitu kinachoitwa antena ya dijitali. Hilo ni neno la dukani la kuongezea bei. Antena haijui kama kilichopita ndani yake ni analojia au dijitali, inajua masafa tu. Analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, na ving'amuzi vyetu vya ardhini vinasoma masafa ya UHF, megahezi 470 kwenda juu. Vijiti vya antena ya UHF ni vifupi, shubiri moja au moja na kitu. Ukikuta paani kuna vijiti vinavyokaribia mita, hiyo ni ya VHF, masafa ya chini ya enzi za analojia. Ishusheni, mwenye nyumba aanikie nguo.

2. Kabla hujafungua boksi, tembea uangalie mapaa ya majirani. Usiangalie kila paa, maana Mtwara nzima ina antena zilizokufa ambazo hakuna aliyejisumbua kuzishusha. Uliza ni nani anayeona vizuri leo, halafu tazama vitu viwili: imeelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama. Mwelekeo mnaujua wote. Hilo la pili ndilo linalowashinda. Juzi nimemkuta kijana kaipatia antena mwelekeo sawasawa, lakini vijiti kavisimamisha wakati mtaa mzima vimelala. Ubora ukawa chini, na yeye tayari ameshamtajia mama wa watu bei ya busta. Nilichofanya ni kulegeza nati mbili na kuilaza. Alinuna mpaka jioni.

3. Chagua kwa kuangalia nyumba, usichague kwa kuangalia mfuko wa mteja. Karibu na mnara na hakuna kizuizi, yagi fupi inatosha kabisa. Antena ya ndani nayo ingetosha, kama si bati juu na nondo dirishani. Ukiwa mbali, chukua yagi ndefu, lakini jua kwamba kadiri inavyorefuka ndivyo inavyoona kwa upande mwembamba zaidi, na bomba likizungushwa kidogo na upepo, chaneli zimekwenda. Wale wa Mikindani chini, penye mlima mgongoni, msitoboe ukuta kwanza. Mmoja aishike antena atembee nayo juu ya paa, mwingine asome king'amuzi. Hatua chache kutoka kona moja kwenda nyingine zinaweza kukupa picha ambayo hakuna kifaa kitakachokupa.

4. Busta. Haya, tukae chini.

Busta haitengenezi mawimbi. Ni spika: ukiipa sauti inayokwaruza, itapaza na mikwaruzo. Karibu na mnara inakizidishia king'amuzi mpaka kinashindwa kusoma. Mahali pake ni juu, jirani na antena, pale waya ni mrefu au unagawa kwa televisheni nyingi. Ukiweka nyuma ya televisheni unakuza uchafu ambao waya umeshauokota njiani. Na mkifungua menyu ya king'amuzi, tazameni mstari wa ubora. Ule wa nguvu unadanganya.

Ulinidanganya mimi kule Msangamkuu, ng'ambo ya maji. Mama mmoja ana nyumba kwenye kijiinuko, mbele yake maji matupu hadi ng'ambo ya mjini mnara ulipo. Nikasema hapa hata kipande cha waya kitashika. Nilifunga asubuhi, ubora umejaa, nikala wali nikavuka na kivuko. Saa 10 jioni simu: "Fundi, imeganda yote." Kesho yake asubuhi nafika, picha safi kabisa. Nikakisingizia king'amuzi. Mama akanunua kingine kwa fedha ya pweza, na kweli wiki ile ikapita bila simu. Nikajisifu kijiweni kwamba mimi king'amuzi kibovu nakijua kwa harufu.

Wiki iliyofuata ikarudi vilevile. Nikabadili waya. Kimya tena siku kadhaa, halafu ikarudi. Sasa nikaingia ubishi na nyumba. Nikaunga bomba juu ya bomba, nikavuta waya za kushikilia pande zote, antena ikawa inaonekana kuliko mnazi wa jirani. Ikaganda muda mrefu zaidi ya mwanzo. Nikapachika busta: mstari wa nguvu ukagonga mwisho, wa ubora ukabaki unapepesuka kule chini. Mama ananiangalia tu, na mimi namweleza habari za hewa ya baharini, maneno niliyoyatunga palepale.

Mwishowe ndiye aliyenifundisha kazi. Alisema, "Mwanangu, mimi nikiwa mwambani kwenye pweza watoto wanaangalia tamthilia mpaka mwisho, wanikute nayo njiani wanisimulie. Nikirudi mimi maji yakijaa, haionekani." Pweza wanafuatwa mwambani maji yakiwa yamekupwa. Nikakaa barazani kwake na rimoti, menyu iko wazi, nikatazama maji yanavyopanda ufukweni na ubora unavyoshuka, hatua kwa hatua. Bahari ilipofika kwenye mizizi ya mikoko, picha ikawa vijisanduku.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Juu ya maji mawimbi yanakufikia kwa njia mbili: moja imenyooka kutoka mnarani, nyingine imegonga uso wa bahari ikaruka. Yakifika yanakubaliana, unapata zaidi. Yakifika yanapingana, yanauana. DVB-T2, mfumo wa dijitali wa ving'amuzi vyetu, inavumilia mwangwi uliochelewa, lakini hapa tofauti ya njia ni ndogo mno, kwa hiyo hakuna cha kuvumilia, mawimbi yenyewe yanapungua. Bahari ikipanda mita kadhaa kwa bamvua, siku za maji makubwa, njia ile ya pili inabadilika na hesabu yote inabadilika nayo. Ndiyo maana wiki ya maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu, kulikuwa kimya, na mimi nikadhani nimetengeneza. Na kwa urefu ule wa antena yangu, maji yakijaa ndipo mawimbi yalipouana hasa. Busta ingekuza nini hapo?

Nikaliangusha lile bomba lote. Antena nikaifunga ukutani chini ya ukingo wa paa, mtoto wa shule angeweza kuigusa akisimama kwenye kiti. Maji yakajaa, picha ikakaa. Kwa hiyo nyumba inayotazama mnara kupita maji, kabla ya kupandisha jaribu kushusha, na usikabidhi kazi mpaka umeona maji yamejaa siku za bamvua. Fedha ya king'amuzi nilimrudishia kidogo kidogo. Busta bado ninayo, ipo kwenye ndoo ya misumari.

5. Waya. Chukua RG6, ule waya mnene wa antena, usichukue ule mwembamba unaouzwa kwa mita pale stendi. Hata RG6 nzuri, mita 20 hivi zinakula karibu nusu ya nguvu kwenye UHF, kwa hiyo usiache mzunguko wa waya wa ziada nyuma ya kabati eti siku wakihama. Usiunge kwa kusokota na selotepu. Kabla waya haujaingia ndani uache uning'inie kidogo ili maji ya mvua yadondoke hapo. Koneta ya nje ifunge kwa tepu ya mpira. Kwetu chumvi haina huruma, ukifungua koneta iliyoachwa wazi mwaka mmoja unakuta unga wa kijani.

6. Usipitishe mawimbi kwenye mkorosho. Kiangazi unafaulu, mvua zikianza majani yakilowa unaitwa. Minazi nayo inakwenda na upepo, na picha inakwenda nayo.

7. Bomba la chuma na nyaya za TANESCO havikai jirani. Sirudii.

8. Kabla hujapanda ngazi uliza kama kifurushi kimelipwa. Nimeshapanda paa la bati saa 7 mchana kwa mtu anayelia kwamba antena imekufa, kumbe chaneli za bure zote zinaonekana, zilizokatika ni za kulipia tu. Ukitoka hapo ingia kwenye menyu uangalie umeme wa antena, ile volti 5. Antena yenye busta ndani yake haifanyi kitu ikiwa volti hiyo imezimwa, na watoto wanaizima wakichezea rimoti. Hiyo unaitengeneza umekaa kwenye mkeka. Nauli ya bodaboda dai mapema, kwa sababu kazi ya kubonyeza rimoti hakuna anayeona inastahili malipo.