Maswali ya Wasomaji: Taa za Ziada za Breki

SWALI: Ndugu mhariri, ninasambaza vifurushi kwa pikipiki kati ya Kasarani na katikati ya jiji la Nairobi. Sanduku nililofunga nyuma ya kiti ni kubwa, na dereva wa lori au basi akinikaribia sana haioni vizuri taa yangu ya breki. Nimenunua utepe wa taa za LED nyekundu Kirinyaga Road, nami nafikiria kuufunga kwenye uso wa nyuma wa sanduku hilo. Fundi mmoja anataka kuuunganisha kwenye waya wa taa ya nyuma inayowaka usiku, na mwingine ananionya kwamba utamaliza betri. Nimfuate yupi?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Ndugu msomaji, usimfuate yeyote kati yao. Balbu ya nyuma katika pikipiki nyingi za volti 12 ina nyuzi mbili ndani yake: uzi wa wati 5 unaowaka muda wote taa zikiwashwa, na uzi wa wati 21 unaowaka unaposhika breki. Wati 21 ni karibu ampea 1.75, ilhali utepe mfupi wa LED hutumia wati chache tu, tena kwa muda ule tu unaposhika breki. Betri iliyo nzima haitatikisika. Fundi wa kwanza naye atakupa taa inayowaka usiku kucha, nayo haitamwambia aliye nyuma yako kwamba unapunguza mwendo, na hilo ndilo jambo unalolitaka.

Kabla ya kukata waya wowote, hakikisha taa uliyo nayo inafanya kazi ipasavyo. Pikipiki ina swichi mbili za breki, moja kwenye mkono wa breki ya mbele na nyingine kwenye kanyagio la breki ya nyuma, na kila moja inapaswa kuiwasha taa peke yake. Swichi ya kanyagio huvutwa na springi ndogo, na ikilegea, taa huchelewa kuwaka hadi uwe umekwisha kukanyaga kwa nguvu. Irekebishe kwa nati yake mpaka taa iwake mara tu kanyagio linapoanza kushuka, kwa sababu utepe wako utategemea swichi hizo hizo.

Sasa fungua sehemu nyaya zinapoingia kwenye taa ya nyuma. Utakuta nyaya tatu: hasi, waya wa taa ya usiku na waya wa breki. Usizitambue kwa rangi pekee, maana kwenye Honda nyingi waya wa kijani ndio hasi, ilhali kwenye Yamaha hasi huwa ni mweusi, na pikipiki iliyokwisha kupita mikononi mwa mafundi kadhaa inaweza kuwa na rangi yoyote ile. Tumia taa ya kujaribia: waya unaopata umeme pale tu unaposhika breki ndio unaoutafuta. Unganisha chanya ya utepe hapo, na hasi yake kwenye hasi ya taa. LED ikigeuzwa nyaya haiwaki, kwa hiyo isipowaka mara ya kwanza, zibadilishe kabla ya kudhani imeharibika. Waya wa breki na wa taa ya usiku visigusane kamwe, la sivyo taa ya breki itabaki imewaka safari nzima.

Jambo linaloua tepe nyingi za bei ya chini ni volti, na mafundi hulipuuza. Injini ikizunguka, chaji hupanda hadi volti 14 na zaidi, na utepe uliotengenezwa kwa volti 12 kamili huchemka na kuanza kuzimika taa moja moja. Nunua ulioandikwa kwamba unastahimili volti 16 au zaidi. Viungo vilehemiwe kwa risasi, kisha vifunikwe kwa mpira unaonywea ukipashwa moto. Tepu ya kufungia nyaya peke yake huachia wakati wa mvua za masika.

Kuhusu mahali pa kuuweka, wazo lako la kuutumia uso wa nyuma wa sanduku ni zuri kuliko unavyodhani. Marekani iliamuru taa ya tatu ya breki, iliyoinuliwa na kukaa katikati, iwekwe kwenye magari madogo mapya kuanzia yale ya mwaka 1986, na tathmini ya serikali ya nchi hiyo iliyotolewa mwaka 1998 ilikadiria kwamba taa hiyo hupunguza ajali za kugongwa nyuma kwa asilimia 4.3. Tathmini ilihusu magari, si pikipiki, lakini sababu ni ile ile: taa iliyo juu, mbali na nyingine, haifichwi wala haichanganywi nazo. Zaidi ya hayo, LED huwaka takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kabla ya balbu ya uzi, na katika muda huo gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 4. Kwenye Thika Road, mita hizo ni nyingi.

Ufunge utepe kwenye mwili wa sanduku, si kwenye kifuniko, kwani waya unaokunjwa kila unapofungua hukatika ndani kwa ndani. Uweke mbali na indiketa, na utie plagi kati ya sanduku na pikipiki ili uweze kulishusha.

SWALI: Mwanangu ameweka kwenye pikipiki yake taa ya breki inayopepesa nyekundu na bluu. Anasema inaonekana zaidi. Je, ni sahihi?
Mzazi, Ngong Road

JIBU: Mzazi mpendwa, mwombe aiondoe. Taa ya breki iwe nyekundu na iwake kwa utulivu. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka hivyo. Inayopepesa hudhaniwa kuwa indiketa au taa ya dharura, na bluu humfanya dereva afikirie polisi badala ya breki. Kama anataka kuonekana mapema, azoee kugusa mkono wa breki kidogo kila anapoachia mafuta, kwa sababu pikipiki hupunguza mwendo kwa injini bila taa yoyote kuwaka.