Niko Silverstone, Lakini Nyuma ya Vyoo

Ujumbe wa sauti wa Baba mdogo nimeusikiliza hadi mwisho nikitafuta pale alipocheka, nikapakosa. Anasema: kama pesa ya kwenda Formula One ipo, ya karo ya muhula wa pili imekwama wapi? Kabla sijajibu, kasini zangu nao wakaingilia. Mmoja anataka nimwekee kiti mwakani, mwingine anauliza kama mimi na Hamilton, yule dereva Mwingereza, tunasalimiana. Yote haya ni kwa sababu ya picha niliyoweka Jumanne hii ya Julai 2025, nimesimama mbele ya jukwaa la kona ya Stowe hapa Silverstone, uwanja wa mbio za magari Uingereza, utepe mkononi, viti vitupu nyuma yangu.

Haya, nawajibu nyote kwa pamoja, maana nikianza kumjibu mmoja mmoja nitasema nisiyotaka.

Utepe ule ni wa wafanyakazi. Jaketi la njano la kung'aa nililivua ili nipigwe picha, kwani nani hutuma nyumbani picha akiwa na lile jaketi? Kazi yangu wikendi hii ni vyoo. Vile vya plastiki vya kuhamishwa, vinavyopangwa safu ndefu nyuma ya majukwaa. Naweka karatasi, najaza sabuni, napiga deki, nasaini karatasi iliyobandikwa mlangoni kuonyesha saa niliyopita, nahamia cha pili. Nikifika mwisho wa safu, cha kwanza kimeshachafuka. Vyoo vikitulia napewa kibano na mfuko, naokota vikombe.

Kasini, wewe uliyelala kwenye vumbi la Sleeping Warrior, njia ya Safari Rally, usiku mzima ili upate pa kusimama asubuhi, utanielewa kuliko Baba mdogo. Mimi mbio nazipenda. Sikuja kufuata mbio huku, nilikuja kusoma, lakini nilipopata chuo Northampton nikaona kwenye ramani Silverstone iko karibu hivyo, nilifurahi kama mjinga. Mwaka jana nilipoambiwa wanatafuta vibarua wa wikendi ya mbio sikuuliza hata ni kazi gani.

Basi sikilizeni jinsi mtu anavyokuwa Silverstone bila kuiona Silverstone. Nilipangiwa vyoo vya upande wa Stowe. Gari likitoka kona ya Chapel na kuingia Hangar Straight, njia iliyonyooka, unalisikia likipanda gia hadi mwisho, halafu linafunga breki, gia zinashuka pa-pa-pa, linapotelea kona ya Vale. Baada ya saa moja nilikuwa najua kwa sikio nani kachelewa kufunga breki. Lakini mbele yangu kulikuwa na ukuta wa jukwaa, migongo ya watu, na matangi ya maji machafu. Hamilton aliposhinda ile ya 2024, ushindi wake wa kwanza tangu Saudi Arabia mwishoni mwa 2021, mimi nilikuwa nimeinama na ndoo. Nilijua ni yeye kwa kelele tu, maana watu hawapigi zile kwa ajili ya mpinzani wake Verstappen. Mbio zenyewe niliziona usiku kwenye simu, ndani ya basi la vibarua, kwa bando langu mwenyewe. Nanyi mlikuwa mmeshaziona kwenye televisheni saa nyingi kabla yangu!

Na hilo ndilo linaloniuma kuliko harufu. Harufu unaizoea.

Kuna bwana mmoja alisimama karibu nami Jumamosi ile na rafiki zake, wakibishana Hamilton ameshinda hapa mara ngapi. Alikuwa amemaliza bia yake, karibu, na bila kukatiza maneno wala kunitazama akaninyoshea kikombe, nikakipokea. Huku akisema mara 8. Siku ile ilikuwa sawa, 8, ya 9 ilikuja kesho yake. Lakini mwenzake akang'ang'ania kwamba 2020 hakushinda, nami mdomo ukanitoka: alishinda, tairi ikiwa imepasuka mzunguko wa mwisho, akamaliza kwa magurudumu 3. Wote wakageuka wakanitazama kana kwamba pipa la taka limesema. Halafu mmoja akacheka, akasema asante, wakaondoka. Hawakunitukana. Hapa watu watakwambia asante siku nzima, na samahani, na tafadhali, na jioni hakuna hata mmoja anayeweza kukumbuka sura yako.

Mwenzangu wa zamu, dada wa Ghana aliyezeeka kwenye kazi hii, amenifundisha kusoma mbio kwa foleni. Saa tisa alasiri ya huku, taa za kuanzisha mbio zikikaribia kuzimwa, vyoo vyote vinabaki wazi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, na hapo ndipo unaposafisha kweli. Foleni ikirudi ghafla katikati ya mbio, anasema, ujue gari la usalama limetoka, mbio zimepunguzwa kasi.

Wiki hii shamrashamra ni kubwa zaidi ya mwaka jana. Kuanzia jana mashamba yanayozunguka uwanja yamejaa mahema. Wakulima wamefungua mageti, magari yanaingia na bendera zilizofungwa kwenye milingoti mirefu, viti vya kukunja, na makoti ya mvua, Julai hii. Wazee wanakuja na wajukuu na kuwaonyesha kwamba ubingwa wa dunia ulianzia hapa, Mei 1950. Wanachosubiri wote ni kitu kimoja: Hamilton anakimbia nyumbani kwa mara ya kwanza akiwa na jezi nyekundu ya Ferrari. Kila ninapopita nasikia ubishi ni huo, wa waliotupa kofia za Mercedes, timu yake ya zamani, na waliokataa. Norris, dereva mwingine Mwingereza, naye ametoka kushinda mbio za Austria Jumapili, na jukwaa lile mliloliona kwenye picha yangu limepewa mashabiki wake, watu 10,000. Rangi yake ni njano kali. Yaani nitakuwa nimezungukwa na watu waliolipa mamia ya pauni kuvaa rangi ninayolipwa kuivaa.

Sasa tuje kwenye pesa, Baba mdogo, kwa heshima zote. Najua umeshapiga hesabu. Kima cha chini cha mshahara hapa mwaka huu wa 2025 ni pauni 12.21 kwa saa, ukizidisha kwa shilingi 175 unapata zaidi ya elfu mbili kwa saa, unamwita Mama mdogo unamwonyesha. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa kama ningekuwa nalala Gilgil. Mimi nalala Northampton, chumba cha pauni 560 kwa mwezi, jiko tunatumia watu watano. Na mlipouliza Februari mbona kimya, nilikuwa nimetoka kulipia viza ya waliohitimu: ada pauni 822, na ya afya pauni 2,070, kwa mkupuo, kabla hata hawajafungua faili. Zidisheni na hiyo kwa 175.

Kwa nini basi sikuwaambia? Kwa sababu mtu akiondoka na harambee ya kijiji kizima hawezi kupiga simu akasema anaosha vyoo. Mlichanga. Mama aliuza ng'ombe. Kila kikombe ninachookota nafikiria ng'ombe yule. Kwa hiyo msiniambie nimesahau nyumbani.

Kwa vijana mnaotaka kuja: msije. Nasema hivyo nikiwa na akili timamu. Hasa wewe unayetaka kuuza ploti umlipe ejenti akutafutie kazi ya kutunza wazee. Serikali ya huku ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 Julai 2025 mlango huo unafungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Ejenti anajua, ndiyo maana ana haraka. Ukimpa hiyo pesa, usinipigie.

Lakini ukipata nafasi ya chuo, ya kweli, kozi ambayo itakulisha hata ukirudi, njoo, na uje haraka kabla hawajabadilisha masharti tena. Nitakupokea uwanja wa ndege na koti. Ujue tu kwamba mwanafunzi anaruhusiwa saa 20 kwa wiki, na ukisoma masta, kiangazi hiki wenzako wa digrii ya kwanza wakiitwa wako likizo, wewe bado unahesabiwa uko masomoni. Mwaka jana nilikataa zamu za Alhamisi na Ijumaa kwa ajili hiyo. Msimamizi akanikunjia uso, akasema wengine wanafanya. Wafanye. Karatasi zangu sizichezei kwa vyoo.

Na wewe wa kiti cha mwakani: viza ya kutembea mwaka huu wa 2025 ni pauni 127, wakikunyima hairudi. Tiketi ya kukaa nyasini tu ni mamia ya pauni. Kwa pesa hiyo unaweza kwenda Naivasha na familia nzima, ukale nyama siku nne, umwone Evans wa Safari Rally akipita karibu hadi vumbi la Toyota yake likuingie kwenye meno. Machi mliponitumia ile video ya Safari Rally kule Soysambu, mkipiga kelele hadi simu inakwaruza, niliitazama kwenye mapumziko ya kazi nikazima. Msiache kunitumia, lakini.

Nimeulizwa pia kama nitaacha. Jumapili naingia saa kumi na moja alfajiri. Dada wa Ghana ameniahidi kitu: mizunguko ya mwisho, kama foleni haipo, atashika safu zote mbili nami niende hadi kwenye uzio pale mwisho wa jukwaa, dakika chache. Jaketi likiwa limevaliwa hakuna mlinzi anayekuuliza unaenda wapi, hiyo ndiyo faida yake pekee. Nikimwona Hamilton hata mara moja nitawaambia. Kofia ya Ferrari sinunui, msiombe.

Baba mdogo, karo nitaituma Ijumaa ya tarehe 11 mshahara ukiingia, nusu. Nusu nyingine mwisho wa mwezi. Nitumie tena nambari ya paybill ya shule, ile ya mwanzo ilinirudishia pesa, na safari hii naomba risiti kutoka shuleni kwenyewe, si ya kuandikwa kwa kalamu.