Milima ya stirofomu na garimoshi la mvuke wa kweli

Ndugu yangu, umeuliza kama stirofomu, lile povu jeupe jepesi la kufungashia vitu, na nyasi kavu zitafaa kwa mandhari ya reli yako ndogo ya mfano ya chumbani hapo Tudor, Mombasa, na injini yako inachemsha maji kwa spiriti. Stirofomu iache kabisa. Spiriti ikimwagika, inashika moto papo hapo, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Stirofomu itayeyuka na kuwaka kabla hujajua kuna nini.

Mlima ujenge kwa wavu wa kuku uliopigiliwa kwenye vipande vya mbao, kisha upake plasta tabaka mbili nyembamba. Ikikauka, ipige vanishi. Usiiruke hatua hii, maana injini hutema maji ya moto na mafuta ya silinda, na plasta tupu huyanywa ikabaki na madoa meusi. Unyevu wa Mombasa nao haupumziki.

Kwa mawe, tumia vipande vya matumbawe. Udongo mwekundu wa Voi, ukichekechwa kwa chujio la chai, unakupa nyika ya Taru jinsi ilivyo, njia ileile ya reli iliyoanza kujengwa hapa Mombasa 1896. Nyasi na makumbi viweke mbali na reli, upande wa ukutani.

Madirisha yawe wazi kila unapowasha, kwa sababu moto hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kitambaa kilicholowa maji, cha kufunika moto, kiwe karibu na mkono.