Maswali ya Wasomaji: Sabuni ya vanila iliyogeuka kahawia

SWALI: Mhariri, natengeneza sabuni ya mche nyumbani, Chang'ombe, Dodoma, kwa mafuta ya alizeti na ya nazi. Nilipotia pafyumu ya vanila, sabuni ilitoka nyeupe kama maziwa, lakini baada ya wiki mbili ikawa kahawia na wateja wakasema imeoza. Je, nilikosea kipimo cha kostiki soda?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Dada yetu, kwa dalili ulizoeleza sabuni yako haijaoza, na kosa haliko kwenye soda. Kinachoigeuza rangi ni vanilini, yaani kemikali ya jamii ya aldihaidi inayoipa vanila harufu yake. Molekuli ya vanilini imebeba pia kundi la fenoli, yaani pete ya kaboni iliyoshikwa na oksijeni na hidrojeni, na ndani ya sabuni, ambayo kwa asili yake ni ya alikali (kinyume cha asidi), fenoli hiyo hupoteza hidrojeni yake na kuwa rahisi kuunguzwa na oksijeni ya hewani, ndipo rangi ya kahawia inapojitokeza. Mwanga huharakisha jambo hilo, kwa hiyo miche iliyopangwa dirishani hutangulia.

Kata mche mmoja katikati kwa kisu. Ukikuta ukingo umekolea kahawia na kiini bado cheupe, ni vanilini, kwa kuwa hewa huingia polepole kutoka nje. Ukikuta madoa ya rangi ya chungwa yaliyotawanyika na harufu ya mafuta yaliyochacha, hapo wa kulaumiwa ni alizeti, ambayo huchacha upesi kuliko nazi, na miche hiyo usiiuze.

Kununua vanila "ya asili" hakutakusaidia. Mwaka 1874 wakemia wa Ujerumani, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walitengeneza vanilini kutokana na koniferini, kemikali iliyomo kwenye misonobari, na baadaye ikapatikana hata kutokana na yujenoli, kemikali ya mafuta ya karafuu, haya haya tunayoyajua kwa Unguja na Pemba. Molekuli ni ileile, na itageuka vilevile.

Muulize muuzaji wa pafyumu ina vanilini kiasi gani kabla hujalipa. Mimi ningegawa uji wa sabuni mara mbili, sehemu moja niitie pafyumu na nyingine niiache bila harufu, kisha nizimimine kwa tabaka, ili kahawia iwe pambo ambalo mteja ameambiwa tangu mwanzo. Ukitaka sabuni ibaki na weupe wake, achana na vanila: hata mafuta ya mchaichai, ambayo sehemu yake kubwa ni sitrali, nayo ni aldihaidi, lakini haina fenoli hiyo, na huacha umanjano hafifu tu.