Niambie Ulichokiona

Mdogo wangu alipovunjika nyonga kwenye ajali, wodini walipita wageni wengi wenye nia njema. Kila aliyesimama pembeni mwa kitanda alikuwa na maneno yaleyale: utapona tu, usijali, piga moyo konde, mbona wenzako wamepitia makubwa zaidi. Alikuwa akiitikia kwa adabu, na mgeni akishatoka anageukia ukutani.

Kisha akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mtulivu asiye na maneno mengi. Siku ya kwanza alimsimamisha. Mdogo wangu aling'ang'ania chuma cha kitanda kwa mikono miwili, jasho likimtiririka, na muda si muda akaketi, uso umemsawijika. Kesho yake zoezi likawa lilelile, na akaketi vilevile. Yule mama akamwambia, "Jana ulishika kwa mikono miwili mpaka mwisho. Leo, mwanangu, ule wa kushoto uliuachia ukajifuta jasho. Umeona?"

Hakuwa ameona. Hata mimi niliyesimama hatua mbili kutoka pale sikuwa nimeona. Aliutazama mkono wake kwa muda, akaukunja na kuukunjua, kisha akasema, "Mama, tujaribu tena."

Maneno yale nimeyatafakari sana. Hayakuwa na ahadi yoyote ndani yake. Yule mama hakusema utatembea, wala hakusema wewe ni shujaa. Alitaja jambo moja lililotokea mbele ya macho yake, na jambo hilo lilikuwa la kweli, kwa hiyo mgonjwa hakuwa na namna ya kulikataa. Wale wageni walimtakia mema kwa dhati, lakini walimpa kitu ambacho angeweza kukipinga kimoyomoyo: wewe utajuaje kama nitapona?

Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza kwa makini jinsi watu wanavyotiana moyo, kazini, nyumbani, kwa watoto, na hasa jinsi kila mmoja anavyojisemesha akiwa peke yake. Msimamo niliofikia ni huu: neno jema hubadilisha maisha ya mtu pale linapobeba ukweli anaoweza kuushika. Ukweli mdogo una nguvu kuliko sifa kubwa. Ukimwambia mtu "wewe uko vizuri sana" bila kumwambia kwa lipi, umemvisha kilemba cha ukoka, na jua la shida ya kwanza likiwaka kitanyauka kichwani mwake.

Wapo wanaoamini kwamba maneno yana nguvu kwa sababu yakitamkwa tu, mambo hutokea. Mimi naona nguvu yake inapita njia inayoonekana kabisa. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika shule moja ya msingi huko California. Wanafunzi walipewa mtihani, kisha walimu wakaambiwa kwamba mtihani ule umeonyesha ni watoto gani watakaochanua mwaka ule. Kumbe majina yalichaguliwa kwa kubahatisha tu, alama hazikuangaliwa. Mwisho wa mwaka, watoto wa madarasa ya chini kabisa waliokuwa kwenye orodha ile walikuwa wamepanda kuliko wenzao. Wasomi wamebishana miaka mingi kuhusu ukubwa wa matokeo hayo, na uchunguzi wa baadaye umeelekea kuonyesha kwamba athari ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa mwanzoni. Hata hivyo Rosenthal alieleza baadaye jambo ambalo kila mzazi na kila msimamizi wa kazi anapaswa kulijua: mwalimu anayemtarajia mtoto mambo makubwa humchangamkia zaidi, humfundisha mengi zaidi, humpa nafasi ya kujibu, na akikosea humwelekeza kwa undani.

Jichunguze siku moja. Ukimuuliza swali mtoto unayemwona mzito, utasubiri kwa muda gani kabla ya kumjibia? Na yule unayemwona mwepesi je? Huyu unamtazama machoni, unamwachia kimya akifikiri, unamwambia "endelea, unakaribia". Yule mwingine unamnyang'anya jibu kabla hajafungua kinywa, halafu jioni unasikitika kwamba hajibu. Imani yako juu ya mtu hutangulia kinywa chako. Anaisoma kwenye subira yako, na kwa sababu hiyo maneno ya kutia moyo yanayotamkwa huku jicho liko kwenye simu hayafiki popote.

Kinyume chake kinaumiza, na kinadumu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, na nimewaona watu wazima wenye familia na majukumu makubwa ambao mpaka leo wanasema "mimi na hesabu wapi na wapi" kwa sababu kuna mtu aliwatamkia hivyo wakiwa na umri wa miaka minane au tisa. Hawajajaribu tena tangu hapo. Mwanasaikolojia Martin Seligman ametumia sehemu kubwa ya kazi yake kuchunguza jinsi watu wanavyojielezea mabaya yanayowapata. Wako wanaosema: nimefeli, mimi ndivyo nilivyo, na itakuwa hivi siku zote, katika kila jambo. Wako wanaosema: nimefeli mtihani huu, sikuwa nimejiandaa sura mbili za mwisho. Wote wawili wamefeli sawasawa. Lakini wa pili anajua kesho asubuhi aanzie wapi, na huyo wa kwanza hana pa kuanzia. Mara nyingi maelezo tunayojipa ukubwani ni yale tuliyoyasikia utotoni kwa sauti ya mtu mwingine.

Hata sifa zinahitaji uangalifu. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa darasa la tano nchini Marekani. Watoto walipewa mafumbo wakayaweza. Baadhi wakasifiwa kwa akili, wengine kwa juhudi. Baadaye wote wakapewa mafumbo magumu mno yaliyowashinda, kisha yakarudi mepesi kama ya mwanzo. Waliosifiwa kwa juhudi walifanya vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza. Waliosifiwa kwa akili walishuka, na wengi wao walipenda kuchagua kazi rahisi ambayo isingewaaibisha. Walipotakiwa kuandika alama zao kwa ajili ya watoto wengine wasiowajua, si wachache kati yao walioziongeza. Ukimwambia mtoto ana akili, umempa cheo ambacho anaweza kukipoteza, na atakilinda hata kwa uongo.

Nyumbani kwangu hili limebadilisha namna ninavyokagua madaftari. Binti yangu akileta kazi yake, naangalia kwanza pale palipofutwafutwa. Juzi niliona swali moja ambalo karatasi yake ilikuwa imekaribia kutoboka kwa kufutwa. Nikamwambia, "Hili umelirudia mara nyingi. Nini kilikufanya usiliache?" Alinieleza kwa muda mrefu, mkono ukionyesha hapa na pale, jinsi jibu la kwanza lilivyokuwa kubwa kuliko namba aliyoanza nayo wakati alikuwa anatoa, akajua haiwezekani. Jibu lake la mwisho, kwa kweli, bado lilikuwa na kosa. Tulilisahihisha pamoja, na hakulia kama zamani. Kilichosifiwa kilikuwa ni chake, kosa halikukigusa.

Sasa nije kwenye maneno tunayojiambia wenyewe, maana huko ndiko ninakoulizwa zaidi.

Ushauri ulioenea ni kusimama mbele ya kioo na kujitamkia: mimi ni mshindi, mimi napendwa, mimi naweza kila kitu. Sipendi kumnyang'anya mtu kinachomsaidia, lakini kama umejaribu ukajisikia vibaya zaidi, usijilaumu, wala usidhani imani yako ni haba. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu waliombwa kurudia sentensi ya kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa tayari wanajithamini walipata nafuu kidogo. Waliokuwa wanajidharau walijisikia vibaya kuliko wenzao wasioisema kabisa. Sababu naielewa vizuri. Ukitamka jambo usiloliamini, moyo hauitikii "amina". Unaanza kukuletea ushahidi wa kinyume chake, mmoja baada ya mwingine, na jioni unalala na kesi nzima dhidi yako.

Dawa ninayoifahamu ni kushuka mpaka ufike kwenye sentensi ambayo moyo hauna cha kuipinga. Badala ya "mimi ni jasiri", jiambie "jana niliogopa na bado nilipiga simu ile". Badala ya "nitafaulu tu", jiambie "nimeshasoma sura nne, ya tano naijua nusu". Ni sentensi za kawaida, hazina shamrashamra. Lakini unaweza kuzisimamia usiku wa manane usingizi ukiruka.

Daktari wa akili Aaron Beck, aliyeanzisha tiba ya kuchunguza fikra katika miaka ya 1960, aligundua kwamba wagonjwa wake waliokuwa na sonona walipitiwa na mawazo ya haraka yasiyoalikwa, mafupi, ya kujihukumu, na waliyaamini bila kuyahoji. Alichowafundisha ni kuyakamata na kuyapima. Nimeufuata mtindo huo kwa muda mrefu kwa kalamu na daftari. Wazo likija, kwa mfano "kila mtu ofisini ananiona mzigo", naliandika lilivyo. Nikishaliandika nauliza: kila mtu ni nani na nani? Nani kasema? Kuna lolote lililotokea wiki hii lisiloafikiana na hili? Mara nyingi "kila mtu" wanageuka kuwa mtu mmoja, na huyo mmoja hakusalimia kwa sababu alikuwa ana haraka. Wakati mwingine wazo linakutwa ni la kweli kweli. Hapo napo kuna faida, kwa kuwa jambo la kweli linashughulikiwa, na hofu isiyo na umbo haishikiki.

Kuna jambo jingine dogo. Ethan Kross na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walionyesha kwamba watu wanaojisemesha kwa kutumia majina yao wenyewe, badala ya kusema "mimi", hutulia zaidi kabla ya jambo la kutisha kama vile kuhutubia. Jaribu kabla ya usaili: jiite jina, ujisemeshe kama ambavyo ungemsemesha rafiki yako wa karibu. Utashangaa jinsi ulimi unavyolainika.

Kuhusu kuwaza mema ya kesho, nina neno la tahadhari. Gabriele Oettingen, pamoja na Doris Mayer, walichapisha mwaka 2002 matokeo ya kuwafuatilia wahitimu wa chuo waliokuwa wakitafuta kazi. Waliozama zaidi kwenye ndoto tamu za kazi watakayoipata walikuja kupata nafasi chache na mishahara midogo kuliko wengine. Waliotarajia kufaulu, kwa kuangalia uwezo wao na yale waliyokwisha kuyafanya, walifanya vizuri. Ndoto ikiwa tamu mno, mwili unapumzika kana kwamba safari imekwisha. Oettingen anapendekeza kwamba ukishaliona lile unalolitaka, hapohapo ulitazame na lile litakalokuzuia, kizuizi kilicho ndani yako, na upange utafanya nini kikijitokeza. Mimi huongeza saa na mahali: kesho, kabla sijafungua simu, pale mezani. Matumaini yakipewa saa yanaanza kufanya kazi.

Na lazima niseme hili bila kuzunguka. Maneno mema hayatibu kila kitu. Mwenye huzuni isiyomwachia kula wala kulala wiki hadi wiki anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na kumpeleka huko ndilo neno jema kuliko yote. Anayepigwa nyumbani hahitaji kuambiwa awaze chanya, anahitaji msaada wa kutoka mahali pale akiwa salama. Na tafadhali, usimwambie mgonjwa wa saratani kwamba fikra zake ndizo zilizomletea ugonjwa, au kwamba angekuwa na moyo thabiti zaidi angepona. Nimesikia mtu akiambiwa hivyo. Ugonjwa ulikuwa umemchosha vya kutosha, akabebeshwa na hatia juu yake. Kwa aliyefiwa pia, kukaa naye kimya na kulitaja jina la marehemu bila woga kunatosha.

Zaidi ya hapo, anza na mtu mmoja. Fikiria nani katika siku hizi umemwona akifanya jambo vizuri ukanyamaza: mwenzako aliyetuliza mteja aliyekuwa anafoka, kijana aliyerudisha kitu bila kuulizwa, mama yako aliyejifunza kutuma ujumbe wa sauti. Mwambie ulichokiona, na ukitaje kwa undani wake. Huenda atakukatalia. Wengi wetu tumezoea kusema "ah, bahati tu" na kubadilisha mazungumzo. Usibishane naye, wala usirundike sifa juu ya sifa mpaka akubali. Ukishasema, endeleeni na mlichokuwa mnafanya. Atalitafakari baadaye akiwa peke yake, kwa wakati wake.